Nyumba ya Mzee Luigi na Bibi Maria Mjini Roma

Ndugu msomaji, tukisikia neno misioni, wengi wetu twafikiri mara habari za Padre, Masista, shule, zahanati na kengele ya alfajiri. Na tukisikia habari za mji wa Roma, twafikiri habari za Baba Mtakatifu na makanisa makubwa. Leo nataka kukupeleka Roma, lakini hatutakwenda Vatikano. Tutakwenda kwenye nyumba ya ghorofa iliyo katika njia iitwayo Via Depretis, tupande ngazi, tubishe hodi kwa mume mmoja na mke wake. Hawakuwa Padre wala Sista. Walikuwa baba na mama wa watoto wanne. Hata hivyo nyumba yao ilikuwa misioni, na kazi ya misioni hiyo waliifanya mpaka uzeeni.

Mume aliitwa Luigi Beltrame Quattrocchi. Mke aliitwa Maria Corsini. Tarehe 21 Oktoba 2001 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza wote wawili kuwa Wenye Heri kwa siku moja. Tangu Kanisa lianze, mume na mke hawakuwa wametangazwa pamoja namna hiyo kwa ajili ya maisha yao ya ndoa.

ASUBUHI

Via Depretis ipo katikati ya mji. Ukitoka mlangoni ukaenda upande mmoja, baada ya hatua chache waliona Kanisa la Bikira Maria Mkuu, lile ambamo Baba Mtakatifu Fransisko alizikwa mwaka 2025. Ukienda kidogo upande mwingine unakuta jumba kubwa la Wizara ya Mambo ya Ndani ya Italia. Stesheni kuu ya gari la moshi nayo haiko mbali. Basi fikiri mwenyewe kelele za mahali hapo: magari, wasafiri na mizigo yao, makarani wanaokwenda kazini, wauza magazeti, maskari.

Katika kelele hizo watu hawa wawili walikuwa na desturi yao. Kila siku asubuhi walikwenda pamoja kusikiliza Misa na kupokea Komunyo. Na kuna jambo dogo ambalo mimi nalipenda kuliko mengine mengi yaliyoandikwa juu yao. Bwana Luigi hakuwa akimwamkia mkewe kwa maneno ya asubuhi njema pale walipoondoka kitandani. Aliingoja Misa iishe. Walipotoka mlangoni mwa kanisa, ndipo alipomwamkia, kana kwamba siku ilikuwa haijaanza mpaka hapo. Halafu wakarudi nyumbani, kila mmoja akashika kazi yake.

Jioni familia yote ilikutana kwa Rozari. Sanamu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliwekwa katika chumba cha kulia, si chumba cha wageni; yaani mahali ambapo watoto humwaga mchuzi na wazee hulalamikia chumvi. Usiku wa kuamkia Ijumaa ya kwanza ya mwezi walikesha saa nzima wakisali. Zaidi ya hayo, kwa kweli, hakuna ajabu kubwa la kusimulia. Mmoja wa watoto wao, alipokuwa Padre mzee, alikuwa akiwaambia watu kwamba nyumba yao ilikuwa nyumba ya kawaida, yenye michezo na kelele na vicheko.

MTU MWEMA ASIYEPENDA SANA KANISA

Usidhani kwamba Bwana Luigi alizaliwa na rozari mkononi. Alizaliwa Catania, katika kisiwa cha Sicilia, mwaka 1880. Jamaa yake mmoja asiye na mtoto aliomba kumlea, ndiyo sababu akawa na majina mawili ya ukoo. Akasoma sheria Roma, akapata shahada mwaka 1902, akaingia kazi ya uanasheria wa Serikali. Alikuwa mtu mnyofu, asiyedanganya wala kupokea hongo, lakini mambo ya dini aliyachukua kwa wepesi kama vijana wengi waliosoma. Tunao wengi wa namna hiyo hata leo: wema wa tabia, wavivu wa sala.

Maria alizaliwa Florence mwaka 1884, binti wa askari mwenye cheo. Yeye dini ilikuwa imemwingia. Mwishoni mwa mwaka 1904 Luigi alishikwa na ugonjwa mkali hata watu wakaogopa atakufa. Maria akampelekea picha ndogo ya Bikira Maria wa Pompei. Hakumhubiria, alimpelekea picha tu. Luigi akapona, akaitia picha ile katika mkoba wake wa fedha, na humo ikakaa mpaka alipokufa. Walifunga ndoa tarehe 25 Novemba 1905 katika kanisa lile lile la Bikira Maria Mkuu.

Watoto wakaja upesi: Filippo mwaka 1906, Stefania 1908, Cesare 1909. Bibi Maria ameandika waziwazi kwamba mimba hizo zilimtia hofu na uchovu. Tena nyumbani walikaa na wazazi wake, maana nyumba yao haikuwa ya mume na mke na watoto peke yao kama wengi wanavyodhani habari za Wazungu. Palikuwa na bibi na babu, na kila aliyekaa na wakwe anajua kwamba uvumilivu hauuzwi dukani.

Mwaka 1913 Maria alichukua mimba ya nne. Katika mwezi wa nne alianza kutoka damu. Waganga waliona kwamba kondo la nyuma limekaa vibaya, limeziba njia ya mtoto. Siku zile ugonjwa huo ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Wakasema mama akiendelea, matumaini ya kupona ni matano katika mia. Wakashauri mimba itolewe ili angalau mama aokoke. Luigi alikuwa na watoto watatu wadogo nyumbani, mkubwa hajafika miaka 8. Wote wawili wakakataa. Miezi ikapita mama akiwa kitandani, baba akiwa kati ya kitanda hicho na msalaba wa kanisani. Watoto walikumbuka kwamba walimwona baba yao analia mbele ya Padre. Tarehe 6 Aprili 1914 alizaliwa mtoto wa kike, wakamwita Enrichetta. Mama akapona. Mtoto yule aliyeonekana hawezi kuishi aliishi miaka 98. Alikufa mwaka 2012.

NYUMBA INABAKI TUPU

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike habari hii. Katika mwaka 1924 watoto wawili wa kiume waliondoka nyumbani kumfuata Mungu: Filippo akaingia seminari, Cesare akaingia monasteri ya Wabenedikto. Baada ya miaka michache Stefania naye akaenda Milano kuwa mtawa wa ndani. Huyo wazazi walijua kwamba hataingia tena jikoni mwao mpaka kufa. Akabaki Enrichetta peke yake.

Wazazi waliompa Mungu mtoto wanaelewa. Watu huja kupongeza, Padre hutoa hotuba nzuri, pilau huliwa, na kesho yake mama hupanga sahani mezani akakumbuka kwamba amepanga nyingi mno. Bwana Luigi alikuwa na miaka 44 na Bibi Maria miaka 40. Kwa miaka hawakuwa wazee bado, lakini nyumba ikiisha watoto huwazeesha wenyeji wake. Bibi Maria akawa anaandika barua. Barua zake kwa watoto ni nyingi sana, nazo zimetunzwa: nyingine za mashauri ya roho, nyingine za kuuliza kama wanakula vizuri na kuvaa nguo za kutosha wakati wa baridi.

Lakini hawakukaa wakaangaliana. Ile nafasi iliyoachwa na watoto waliijaza kwa watu wengine. Tangu zamani Bwana Luigi alikuwa amesaidia kukusanya vijana wa mitaa maskini ya Roma katika chama cha skauti, vijana ambao Jumapili zao zilipotea barabarani. Bibi Maria alikuwa katika uongozi wa wanawake wa Aksio Katolika, akafundisha katekisimu, akaandika vitabu vya kuwasaidia mama katika malezi ya watoto. Sasa kazi hizi zikawa maisha yao. Mume akitoka ofisini, alivua koti la Serikali akaanza kazi ya pili isiyo na mshahara.

Najua baadhi yenu mmeanza kusema: hao walikuwa na fedha. Ni kweli. Bwana Luigi alipanda mpaka karibu na cheo cha juu kabisa cha wanasheria wa Serikali ya Italia, na mkewe hakwenda mtoni kuchota maji. Sitaki kuwafanya maskini wasiokuwa maskini. Nasema tu kwamba watu wenye cheo kama chake mjini Roma walikuwa wengi, na jioni zao walizitumia watakavyo. Yeye nyumba yake iliwekwa wazi kwa aliyekuja na shida, na mtu aliye na cheo katika mji mkuu hapungukiwi watu wa kuja na shida.

Jambo moja la maisha yao limewashangaza wengi, nalo sitalificha. Walipokuwa wamekaa katika ndoa kama miaka 20, kwa shauri la Padre aliyewaongoza rohoni, walikubaliana kuacha kulala kama mume na mke, wakamtolea Mungu sadaka hiyo. Sadaka hiyo ni ya wachache, na Kanisa haliwadai watu wa ndoa jambo hilo. Wengine walipopata habari hii waliuliza: je, basi wamekuwa wenye heri kwa kuiacha ndoa? Jibu naliona katika kalenda. Kwa kawaida sikukuu ya mwenye heri huwekwa siku aliyokufa. Sikukuu ya Luigi na Maria iliwekwa tarehe 25 Novemba, siku waliyofunga ndoa.

KATIKA GARI LA WAGONJWA

Ukitaka kuwaona wazee hawa wakiwa kazini hasa, usiwatafute mezani wala ofisini. Watafute stesheni. Walikuwa wanachama wa chama kinachoitwa UNITALSI, ambacho kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa kwenda kuhiji Lourdes, huko Ufaransa, na Loreto, katika Italia yenyewe.

Chanzo cha chama hiki ni hadithi ya kweli inayostahili kusimuliwa. Mwaka 1903 kijana mmoja wa Roma, jina lake Giovanni Battista Tomassi, alikuwa amepooza kwa ugonjwa wa maungo, akikaa katika kiti cha magurudumu. Moyo wake ulikuwa umejaa uchungu, na alimkasirikia Mungu. Akasikia kwamba watu wanakwenda Lourdes kuhiji, akaomba kwenda. Alichukua bastola kwa siri: kama hataponywa, atajiua mbele ya pango la Bikira Maria. Alifika. Hakuponywa. Lakini aliona watu wazima wenye nguvu wakiwabeba wagonjwa, wakiwaosha, wakiwalisha kwa kijiko, tena bila malipo. Jambo hilo lilimshinda. Akaitoa bastola yake kwa kiongozi wa hija, akarudi Roma na wazo kwamba wagonjwa wa Italia nao wapate msaada kama ule. Ndivyo chama kilivyoanza, nacho kipo mpaka leo.

Sasa mfikiri Bwana Luigi, mwanasheria wa Serikali mwenye cheo, mtu ambaye makarani husimama anapoingia ofisini. Katika safari hizi alikuwa mchukuzi wa machela. Mchukuzi huvaa mikanda mabegani ili machela isimponyoke mikononi, naye hutii. Akiambiwa inua, anainua. Akiambiwa ngoja, anangoja juani. Bibi Maria naye alikuwa mwuguzi, maana alijifunza kazi hiyo kwa Msalaba Mwekundu na wakati wa vita aliwahudumia majeruhi. Safari ya Lourdes kwa gari la moshi ilikuwa ndefu, ya kupita usiku njiani. Katika mabehewa hayo wagonjwa hulala katika vitanda vilivyopangwa kimoja juu ya kingine; huyu anataka maji, yule anataka kugeuzwa, yule amejichafua na anaona haya kusema. Wasaidizi huwa macho. Tena jambo ambalo watu wengi hawalijui: msaidizi wa safari hizi hapewi posho; nauli yake hulipa mwenyewe.

Mimi naona kwamba hapo ndoa yao ilipata nafasi mpya. Wakati wa ujana walilea watoto wao pamoja. Sasa walilea wagonjwa wa watu wengine pamoja, mmoja ameshika machela, mwingine ameshika beseni. Wazee wengi huanza kugombana watoto wakiisha kuondoka, kwa sababu hawana tena kazi ya kuwaunganisha. Hawa kazi walikuwa nayo.

MLANGO WAKATI WA VITA

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Tarehe 19 Julai 1943 mtaa wa San Lorenzo, usio mbali na stesheni, ulipigwa mabomu, wakafa watu wengi. Mwezi Septemba Wajerumani wakauteka mji wa Roma, wakautawala miezi tisa, mpaka tarehe 4 Juni 1944 majeshi ya Marekani na wenzao yalipoingia.

Miezi ile tisa ilikuwa ya njaa na hofu. Mkate ulipimwa kwa mizani. Ilifika wakati mtu mmoja alipewa gramu 100 kwa siku, kipande cha kutoshea kiganja. Usiku hakuna kutoka nje. Jumamosi tarehe 16 Oktoba 1943, alfajiri, maskari wa Kijerumani waliingia nyumba kwa nyumba kuwakamata Wayahudi wa Roma. Zaidi ya 1,000 walitiwa katika magari ya moshi kama mifugo, wakapelekwa Auschwitz. Waliorudi ni 16. Vijana wa Kiitalia nao walisakwa ili wapelekwe kazi ya nguvu, na wafungwa wa vita waliotoroka walijificha kila mahali. Matangazo yalitolewa: mtu atakayewaficha wafungwa hao atauawa.

Wakati huo mapadre na watawa wa Roma walifungua monasteri na seminari, wakaficha watu chini ya dari na ndani ya makanzu. Lakini si monasteri tu zilizofunguliwa. Zilifunguliwa pia nyumba za watu wa ndoa, na mojawapo ilikuwa ile ya Via Depretis. Wakimbizi waliingia, wakalala, wakala kile kilichokuwapo. Ndugu msomaji, kumbuka nilivyokuambia mwanzoni: Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa hatua chache kutoka mlango ule. Maskari walipita chini ya madirisha mchana na usiku. Bwana Luigi alikuwa na miaka zaidi ya 60, mtu wa Serikali, mwenye cheo cha kupoteza na mke na binti wa kupoteza. Kwa umri wake na kazi yake angeweza kusema, Hayo ni ya vijana. Hodi ilipopigwa, mlango ulifunguliwa.

Wana wao mapadre nao walifanya kazi hiyo ya kuwaokoa watu, kila mmoja mahali pake. Sijui mama aliyejua kwamba wanawe wawili wamo katika hatari hiyo alilala namna gani. Ile Rozari ya jioni, kwa vyovyote, haikusaliwa kwa kusinzia.

MAMA MJANE

Vita ilipokwisha, nchi ilijaa nyumba zilizobomoka, na si za mawe tu. Mume na mke hawa, sasa wazee kweli, wakajitia katika kazi ya kutetea familia na kuwaandaa wachumba kwa ndoa. Leo mafundisho ya wachumba yako katika kila parokia, na hakuna anayeshangaa. Siku zile vijana wengi walifika altareni wakiwa wamefundishwa zaidi namna ya kushona gauni la arusi kuliko namna ya kuishi na mtu mwingine miaka 50.

Tarehe 9 Novemba 1951 moyo wa Bwana Luigi ulisimama, akafa nyumbani kwake katika Via Depretis, mwenye miaka 71. Walikuwa wamekaa katika ndoa karibu miaka 46.

Bibi Maria alifanya jambo ambalo mjane mwingine hawezi. Alikaa akaandika kitabu juu ya ndoa yao, kikatoka mwaka 1952, akakiita kwa Kiitaliano jina lenye maana ya picha ya eksirei ya ndoa. Jina hilo linasema kweli. Eksirei haionyeshi gauni wala suti, huonyesha mifupa. Alitaka watu waone mifupa ya nyumba yake, iliyosimamisha miaka yote ile.

Akaishi mjane miaka karibu 14, akiendelea kuandika na kuwatembelea watoto wake. Enrichetta hakumwacha. Alikuwa amesoma mpaka Chuo Kikuu, akafundisha shuleni habari za sanaa, na hakuolewa wala hakuingia utawani. Alikaa na wazazi wake, akawatunza. Twapenda kuwasifu watoto walioondoka kumfuata Mungu, nasi tunafanya vema. Yule aliyebaki kuchemsha maji ya mama mzee hutajwa mwishoni, kama nami nilivyomtaja sasa hivi. Kanisa limemkumbuka: mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliruhusu Enrichetta atangazwe kuwa Mheshimiwa, hatua moja kabla ya kuitwa Mwenye Heri.

Tarehe 26 Agosti 1965 Bibi Maria alikuwa Serravalle, kijiji cha milimani katika nchi ya Toscana, ambako familia ilikuwa na nyumba. Ilikuwa saa sita mchana, baada ya sala ya Malaika wa Bwana. Alikufa mikononi mwa Enrichetta, mtoto yule ambaye waganga wa mwaka 1914 walisema atamwua mama yake.

MVUA YA ROMA

Miaka 36 baadaye, tarehe 21 Oktoba 2001, ilipangwa kwamba Misa ya kuwatangaza iadhimishwe nje, katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Ikanyesha mvua, watu wakaingia kanisani. Mbele walikuwapo wazee watatu: Padre Tarcisio, ndiye Filippo wa zamani, Padre Paolino, ndiye Cesare, wakati huo mmonaki wa Trapisti, na Enrichetta. Mapadre hao wawili, kila mmoja amepita miaka 90, walisimama altareni pamoja na Baba Mtakatifu katika Misa ya kuwatangaza baba yao na mama yao. Stefania, mtawa wa Milano, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1993. Siku hiyo ilikumbuka pia miaka 20 ya waraka ambao Yohane Paulo II aliuandika juu ya familia ya Kikristu.

Baada ya siku chache miili yao ilihamishwa ikawekwa katika kanisa la Bikira Maria wa Upendo wa Mungu, nje kidogo ya Roma, nao wamelala humo pamoja. Warumi wanapenda sana mahali hapo. Kila Jumamosi usiku, tangu Pasaka mpaka mwisho wa Oktoba, watu hukusanyika mjini karibu saa sita ya usiku, wakawasha mishumaa, wakaenda kwa miguu usiku kucha wakisali Rozari, ili wafike kwa Misa ya alfajiri. Njia ni kama kilomita 14. Huwamo vijana wenye mbio, huwamo masista, na nyuma yao, polepole, huja wazee mume na mke wameshikana mikono ili wasijikwae gizani.